Panga kozi zako kutoka mwaka wa tatu kurudi nyuma: kwa wanaosoma familia na maendeleo ya jamii

Ukiingia chuo kusoma familia, ustawi au maendeleo ya jamii, kuna mtu atakuambia umechukua shahada nyepesi. Mara nyingi ni mtu wa uhandisi, na mara nyingi mnalala chumba kimoja. Mwache. Kozi mojamoja kweli hazitishi. Kazi iko kwenye kuziunganisha. Muhula mmoja unasoma makuzi ya mtoto, lishe ya kaya, sheria ya ndoa, takwimu na ujasiriamali, na hakuna mhadhiri atakayekukalisha akuonyeshe zinakutana wapi. Zinakutana mwaka wa tatu, mlangoni kwa mtu usiyemjua, umeshika dodoso na jua linawaka. Ndiyo maana nakushauri uanze kupanga kutoka pale mlangoni, urudi nyuma.

Mifano yangu ni ya Tanzania Bara. Majina ya shahada yanatofautiana: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, pale Morogoro wana familia na masomo ya walaji, Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama wana ustawi, Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, kule Arusha, wana maendeleo ya jamii, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam familia utaikuta ndani ya sosholojia. Ratiba zao hazifanani, lakini namna ya kupanga haibadiliki sana.

1. Andika sentensi moja ya utafiti wako wa mwisho

Ifanye wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, hata kama hujui kitu. Sentensi iwe na watu, mahali na swali. Kwa mfano: "Nataka kujua wanawake waliokopa fedha za asilimia kumi za halmashauri wanaamuaje nyumbani mwao jinsi ya kuzitumia."

Mfano huu nimeuchagua kwa makusudi. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Maana yake popote ulipo, Bukoba au Newala, una uwanja wa utafiti ambao nauli yake unaimudu. Kama uko Morogoro, inua macho utazame milima ya Uluguru. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi kwa desturi hushikwa na ukoo huo. Basi mume aliyeoa kutoka ukoo mwingine, akapanda migomba miaka ishirini, ana sauti gani juu ya shamba lile? Swali hilo peke yake linakutosha tasnifu nzima, na halihitaji ndege.

Chini ya sentensi yako orodhesha unachopaswa kujua ili uweze kulijibu swali: kaya ni nini, sheria inasema nini juu ya mali, namna ya kuhesabu, namna ya kuhoji, namna ya kuandika. Kisha fungua prospektasi, kile kitabu cha chuo chenye orodha ya kozi, uweke jina la kozi mbele ya kila kimoja. Kitakachobaki bila kozi ndicho utakachojifunza mwenyewe au kukitafuta kwenye kozi za hiari.

Sentensi itabadilika. Yangu ilibadilika mara tatu. Si neno, kozi ulizozipanga kwa ajili yake hazipotei.

2. Piga hesabu ya krediti kabla ya kupiga hesabu ya siku za mapumziko

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, semina, maktaba, majaribio, vyote. Shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360, yaani 120 kwa mwaka na 60 hivi kwa muhula.

Chukua kozi ya krediti 12. Hizo ni saa 120. Kwenye muhula wa wiki 15, ukikaa darasani saa 3 kwa wiki umetumia 45 tu. Zimebaki 75, ambazo ni saa 5 kila wiki, wewe na vitabu vyako. Ukiwa na kozi tano za aina hiyo, una saa 15 za darasani na 25 za kujisomea. Jumla 40. Ni kazi ya kuajiriwa kabisa, isipokuwa hakuna bosi wa kukugombeza ukichelewa. Wengi wanaona zile 15 kwenye ratiba na kudhani ndizo zote. Matokeo yakitoka wanasema mhadhiri ana roho mbaya.

Krediti ndizo pia zinazotengeneza GPA, yaani wastani wa pointi za matokeo yako. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na kila moja huzidishwa kwa uzito wa kozi. Tuseme una kozi mbili, moja ya krediti 15 na nyingine ya krediti 5. Ukipata B kwenye nzito na A kwenye nyepesi, ni 45 jumlisha 25, gawanya kwa 20: 3.5. Geuza, A iwe kwenye nzito na B kwenye nyepesi: 75 jumlisha 15, gawanya kwa 20: 4.5. Juhudi ni ileile, lakini ya pili iko daraja la kwanza, ambalo huanzia 4.4, na ya kwanza imegusa tu mlango wa daraja la pili la juu. Kwa hiyo kila muhula zungushia duara kozi yenye krediti nyingi, uipe saa zako za asubuhi, akili ikiwa bado haijachoka.

3. Usiisogeze takwimu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mwenyewe niliumia.

Takwimu niliiogopa. Mwaka wa pili niliisoma kwa kukariri fomula, nikasapu, yaani nikafeli na kurudia mtihani, sapu nayo ikanishinda, nikaikeri: nikaibeba niirudie mwaka unaofuata. Likizo ndefu ikafika, tukaenda uwandani, nami nikabeba dodoso nililolitunga bila kuelewa ninachokipima. Swali la kwanza kabisa lilikuwa: "Kaya yako ina watu wangapi?"

Nyumba ya kwanza nilimkuta mama ameketi kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua mchele. Nikamsalimia shikamoo, nikaeleza nimetoka wapi, nikauliza. Hakuinua macho. Akasema, "Unauliza wanaolala au wanaokula, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Mumewe alikuwa Dar es Salaam, anarudi mwisho wa mwezi. Mpwa wake alikula pale mchana na usiku, lakini alilala dukani kulinda. Mjukuu alikuwepo likizo tu. Kulikuwa na binti wa kazi. Nikaandika 7, nikaenda kwa jirani mwenye hali karibu ileile, yeye akajibu haraka, nikaandika 4. Nilirudi na madodoso 63, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kuapa kwamba neno kaya lilikuwa na maana ileile na kwenye lile la pili yake.

Swali la yule mama ndilo wataalamu wanalolipigania. Sensa ya 2022 ilihesabu watu kwa kuuliza nani alilala kwenye kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Tafiti nyingine za kaya hutazama wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, hata kama mmoja wao amesafiri. Sensa ile ilipata watu 61,741,120 na wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Ukitaka kulinganisha namba yako na hiyo 4.3, lazima kwanza ujue wewe ulihesabu wanaolala au wanaokula.

Basi mfuatano ninaoupendekeza ni huu. Sosholojia ya familia na utangulizi wa takwimu zikae mwaka wa kwanza. Mbinu za utafiti ziwe mwaka wa pili, kabla ya kwenda uwandani na siyo baada yake. Kama chuo chako kimeziweka kinyume, huwezi kuibadili ratiba, lakini unaweza kuhudhuria mihadhara ya mbinu za utafiti ya waliokutangulia. Hakuna mhadhiri niliyewahi kumwona akimfukuza mwanafunzi aliyekuja kusikiliza. Programu ya kuchambulia takwimu anza kuichezea mapema kwa takwimu za mtu mwingine. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina ripoti za sensa na za hali ya afya ya uzazi na mtoto, na ukizichimba vizuri unaweza kuandika kazi nzuri ya muhula bila kulipa nauli hata ya bajaji.

4. Sheria: soma yenyewe, siyo notisi za mwaka juzi

Kozi ya sheria ya familia wengi wanaipita kwa notisi zilizorithiwa kaka kwa dada, zenye alama za chai. Usifanye hivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 ni fupi kuliko unavyofikiri, ipo kwa Kiswahili, na vifungu vichache ndivyo vitakavyokurudia hadi unahitimu.

Kifungu cha 13 ni cha umri. Kimemruhusu msichana kuolewa na miaka 15 huku mvulana akitakiwa kufikisha 18. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, alikipinga mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikasimamia uamuzi huo Oktoba 2019. Kabla ya kuandika umri wowote kwenye kazi yako, angalia toleo la sheria linalotumika siku hiyo. Kifungu cha 114 ni cha mgawanyo wa mali za wanandoa, na pembeni yake lazima uijue kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983. Humo Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali, ingawa rufaa yenyewe haikumpa Bi Hawa mgawo aliouomba. Kifungu cha 160 ni cha wale walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, jamii ikawajua kama mke na mume. Uwandani hao utawakuta wengi. Ukiwauliza "Umeolewa?" mmoja atasema ndiyo na mwingine hapana, ilhali maisha yao yanafanana kama sahani za seti moja.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ndoa haitumiki Zanzibar. Hata watoto wana sheria mbili: Bara ni ya 2009, Zanzibar ni ya 2011. Nimeshaona kazi ya mtu iliyofanyika Unguja ikijengwa yote juu ya sheria ya Bara. Msimamizi aliirudisha na mstari mmoja tu wa kalamu nyekundu.

5. Kozi za hiari

Usichague kwa sababu Ijumaa itakuwa wazi, wala kwa sababu "mhadhiri yule anagawa A". Rudi kwenye orodha ya hatua ya kwanza, angalia palipobaki wazi, jaza hapo. Kama nafasi ni mbili, ningechukua moja ya fedha (bajeti na uandishi wa miradi) na moja ya lugha au mawasiliano. Lugha ya alama ikipatikana chuoni kwako, ichukue bila kufikiri mara mbili. Ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa watu wenye ulemavu inahitaji maofisa wanaoweza kuzungumza nao bila mkalimani.

6. Kalenda mbili, siyo moja

Ya kwanza ni ya chuo: majaribio, kazi za vikundi, wiki ya kujisomea, mitihani ya mwisho. Vyuo vingi alama za muhula ni 40 na mtihani ni 60, hivyo anayeingia kwenye mtihani na 30 mkononi analala, na mwenye 16 halali. Kazi za vikundi zipangie tarehe yenu ya ndani, siku tatu kabla ya ile ya mhadhiri, na siku ya kwanza gawaneni maswali kwa majina. Vinginevyo mtakuwa majina nane kwenye jalada na watu wawili kwenye kazi.

Kalenda ya pili ni ya watu unaotaka kuwahoji, na hii haimo kwenye prospektasi yoyote. Mafunzo kwa vitendo kwa kawaida huangukia likizo ndefu, kuanzia Julai. Sehemu nyingi za Morogoro huo ni wakati wa mavuno. Ukifika kijijini saa tatu asubuhi utapokewa na kuku. Nenda saa kumi na moja jioni, au ufuate watu shambani na ushike jembe kidogo, kwani mahojiano bora niliyowahi kufanya yalifanyika huku tukipukuchua mahindi. Mjini mambo yanageuka. Saa tatu asubuhi mlango atakufungulia dada wa kazi, na ukisema "namtafuta mwenye nyumba" umeshamtupa mtu anayejua mtoto anakula nini kuliko mama yake. Mama lishe hana nafasi kuanzia alfajiri hadi saa tisa mchana, ila saa kumi anaosha masufuria na anaongea vizuri. Ramadhani nayo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo ukipanga uwanda wa pwani angalia mwandamo mapema.

Ziandike kalenda hizi mbili kwenye karatasi moja, safu mbili. Zinapogongana, ya watu ndiyo ishinde.

7. Barua, na mlolongo wake

Barua ya chuo haikufikishi kwenye kaya. Kwa kawaida inakupeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo wilayani, halafu kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha Afisa Mtendaji wa Kata, mtendaji wa kijiji au mtaa, na mwisho mwenyekiti au mjumbe anayekutembeza. Kila ngazi inataka nakala na muhuri, na kila ngazi ina mtu aliyesafiri kikazi. Tenga wiki mbili za kazi. Piga nakala kumi za barua yako kabla hujatoka mjini, maana unakokwenda mashine ya kutolea nakala iko moja na umeme umekatika.

Fedha: Bodi ya Mikopo ina kipengele cha mafunzo kwa vitendo na cha utafiti, tofauti na kile cha chakula na malazi. Kama unapewa, usihesabu kwamba itafika siku uliyoandika kwenye kalenda. Toka mwaka wa pili weka kiasi kidogo cha kila bumu, yaani fedha ya kujikimu inayotoka Bodi, kando kwa ajili ya nauli ya wiki ya kwanza ya uwanda.

8. Jiandae kwa jambo ambalo hukuuliza

Unamuuliza mtu bajeti ya mboga, ghafla anakueleza kipigo. Au mtoto anakuambia kitu ambacho hakipaswi kubaki kwenye daftari lako. Katika fani yetu hilo si ajali, litatokea. Kabla ya kuhoji nyumba ya kwanza jua jina na namba ya ofisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya, jua kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, na uandike 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, nyuma ya kitambulisho chako. Kwa aliye chini ya miaka 18, pata ridhaa ya mzazi au mlezi, kisha muulize na mtoto mwenyewe kama anakubali. Akikataa, amekataa. Majina usiyaandike kwenye dodoso. Tumia namba, na karatasi inayounganisha namba na majina ikae kwingine. Na usimwahidi mtu siri ya jambo ambalo utalazimika kulitolea taarifa. Mwambie hivyo mwanzoni, kabla hajaanza kusimulia.

9. Mwaka wa tatu wenyewe

Ukifika na takwimu umeimaliza, sheria umeisoma na uwanda umeujua, kilichobaki ni kumpata msimamizi mapema. Mfuate wiki mbili za kwanza za muhula, kabla hajajaa. Usiende na mada ya maneno matatu kama "wanawake na maendeleo". Nenda na ile sentensi yako, hata ikiwa imekwisha kufutwafutwa, pamoja na ukurasa mmoja wa maswali unayokusudia kuuliza. Mwombe akupangie tarehe za kupokea sura moja moja, na kila unapopeleka sura peleka pia ile ya awali yenye masahihisho yake, kwa sababu ana wanafunzi wengi na hakumbuki alikuambia nini.

Kama bado una keri ya takwimu, kama mimi, iweke kwenye muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu na upunguze kozi za hiari muhula huo kama kanuni za chuo zinaruhusu. Halafu dodoso lako lijaribie kwa watu watano kabla ya kulipigisha nakala. Mimi mara ya pili nilirudi kwa yule mama wa ungo. Nikamuuliza wanaolala ni wangapi, kisha nikamuuliza wanaokula ni wangapi. Safari hii aliinua macho. Wanaolala walikuwa watano, wanaokula sita, na hapo hapo akanitengea sahani, akasema sasa ni saba.